Visanduku vitano juu ya tablo ya shimo

Asubuhi mwanafunzi wa inivasite, chuo kikuu cha mji, alipofika nyumbani kwangu Naviundu na mashine zake, mimi nilikuwa nimekwisha kuvaa shati la kanisani. Bibi yangu alinicheka. Alisema hata siku ya ndoa yetu sikuamka mapema namna ile, tena siku ile nilikuwa na miguu miwili mizima. Nilimwacha acheke. Kwa miaka makumi mawili na kitu nilikuwa nangojea mtu aingie katika salo yangu, chumba cha wageni, asimame mbele ya ukuta, aniulize: hawa ni nani? Sasa mtu huyo alikuwa mlangoni, dada wa miaka ishirini na kitu, anapangusa viatu vyake, mfuko wa kamera begani.

Nitaandika bila majina. Si kwa woga. Majina yote niliyatoa siku ile, yamefungwa mahali nitakapoeleza. Hapa nitawaita kwa kazi zao, na wao wenyewe watajitambua. Na Kiswahili changu mnisamehe. Shule niliacha mwaka wa nne. Naandika kama nilivyosoma katika Biblia, lakini mdomo wa Lubumbashi unapenya kila mahali.

Kitu chenyewe ni tablo, picha ya kuchorwa kwa rangi. Mjini kwetu, mtu akipata salo, hata ndogo, hutundika tablo ukutani: treni ya wakati wa Wazungu, ama mamba na mtu juu ya mti, ama moshi wa kiwanda. Mimi nilitundika shimo. Nilikuwa mchimbaji. Si wa kampuni; tulichimba kwa mikono, sisi wenyewe, katika kilima nje ya mji. Siku moja shimo lilituangukia. Tulikuwa wanne chini. Nilitoka mimi peke yangu, na mguu mmoja umevunjika mara mbili. Miezi ile nilipolala nyumbani na plasta mpaka kiunoni, nilimwita fundi wa picha. Hakuwahi kuliona shimo letu. Aliketi karibu na kitanda changu, mimi nasema, yeye anachora. Ndivyo mafundi wale walivyofanya kazi: mwenye kununua anasimulia, fundi anatia rangi. Alichora juu ya mfuko wa unga, akaupaka nyeupe kwanza.

Na alikuwa hodari. Alikipasua kilima kama mtu anavyopasua tunda la avoka, ili uone ndani na nje kwa jicho moja. Chini kabisa, katika giza la udongo mwekundu, tuko sisi wanne, mikono juu. Na juu kwenye mwanga wako wale watano waliotuua.

Wa kwanza ni mkubwa wa shimo. Sisi wachimbaji tunamwita PDG, kama mkubwa wa kampuni, maana yeye ndiye anayewalisha watu na kuuza mawe. Mvua ilikuwa imenyesha, udongo umelegea, tulikataa kushuka. Alitusimamia pale na kofia yake akasema: "Mvula iko ya yulu, shimo iko ya chini. Mushuke." Leo anaishi Golf, mtaa wa matajiri, nyumba ya etaji, ya ghorofa, mageti mawili. Wa pili ni mnunuzi wa mawe, aliyesema ile mifuko isipojaa siku ile anakwenda kununua kwa wengine. Wa tatu ni polisi wa madini, aliyewekwa pale kutuzuia tusishuke, na ambaye mfuko wa shati lake ulivimba kila jioni. Wa nne ni karani mwenye muhuri, aliyeandika katika karatasi ya serikali kwamba shimo limefungwa, siku ambazo sisi tulikuwa ndani yake. Wa tano ni mvuta kamba. Kazi yake ilikuwa moja tu duniani: kusimama juu na kushika kamba tuliyoshukia na kupandia. Fundi alimchora anakimbia, amevaa suruali, patalo nyekundu, mgongo kwetu, na kamba inapeperuka nyuma yake.

Hao watano nililala nao na kuamka nao. Tribunali haikuwaita. Redio haikuwataja. Basi mwanafunzi aliponipigia telefone kueleza kazi yao, niliketi ili nisikie vizuri. Alisema kikundi chao pale inivasite kinazunguka nyumba kwa nyumba kupiga picha tablo za zamani, kabla mchwa hawajazila na kabla Wazungu hawajazinunua zote. Wanaziweka katika kompyuta pamoja na sauti ya mwenye nyumba anayeeleza. Mwanafunzi akiwa Kinshasa, profesa akiwa ng'ambo ya bahari, wote wanaweza kufungua na kusoma mji wetu ulivyojikumbuka wenyewe. Alisema hiki ni kitabu cha historia cha watu wasioandika vitabu. Nilimwambia aje kesho. Alisema wiki ijayo. Nilisema basi, lakini mimi ningelikuwa tayari hata leo.

Aliishusha tablo ukutani mwenyewe, kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea mtoto. Nyuma yake ukuta ulikuwa na alama nyeupe ya pembe nne na mayai mawili ya mjusi. Aliilaza juu ya meza, akasimamisha taa mbili huku na huku, kamera ikaangalia chini kutoka juu ya mguu wa chuma. Pembeni aliweka karatasi yenye rangi nyingi ndogo ndogo. Alisema hiyo ni kwa ajili ya mashine isidanganyike, ijue nyekundu yetu ni nyekundu gani. Alipiga picha vipande vipande, na mashine ikavishona vile vipande yenyewe. Nilimuuliza kama mshono utaonekana. Alisema nitafute. Nilitafuta, sikuuona.

Halafu alinipa tableti, akanionyesha namna ya kupanua kwa vidole viwili. Mungu wangu. Sura ya PDG ilikuja kuwa kubwa kuliko yangu mimi. Niliona jasho alilomtia fundi juu ya mdomo, ambalo katika miaka yote ile sikuliona. Niliona nyuzi za mfuko. Niliona, katikati ya mbingu, herufi za kiwanda cha unga zinachungulia kupitia rangi ya buluu. Nilimwita bibi yangu aache samaki zake aje aone. Alikuja na mikono yenye harufu, akaangalia, akasema lile tumbo la PDG lilikuwa kubwa zaidi.

Kisha ikaja sehemu iliyonifanya nisahau hata maumivu ya mguu. Unaweza kuchora kisanduku. Unaweka kidole juu ya picha, unavuta, na kisanduku kinamzunguka mtu unayemtaka. Hatoki tena. Atakayefungua tablo ile, popote alipo, akigusa kisanduku, maneno yako yanatokea: huyu alifanya hivi. Nilisema niachie mimi. Nilivuta, kisanduku hakikuja. Nilivuta tena. Ngozi ya vidole vyangu ni ngumu, kioo hakiisikii.

"Hata mashine inakatala mikono ya kuchimba," bibi yangu alisema. "Leta."

"Acha," nilimwambia. "Aba batano ni bangu."

Nililowesha kidole ulimini, na safari hii kilikubali. Niliwafunga wote watano, mmoja mmoja. Nawaambia kweli, siku walipotangaza amani katika redio sikufurahi vile.

Kila kisanduku kilikuwa na maswali matatu. La kwanza, huyu ni nani. Hapo ndipo tulibishana kidogo, mimi na mwanafunzi, maana alisema majina ya watu walio hai yatafungwa. Atakayefungua tablo ataona tu "mkubwa wa shimo", "polisi", hivyo hivyo, na jina litalala ndani mpaka miaka mingi ipite. Nilimwambia basi ni kazi bule. Alinijibu kwa heshima, Papa hivi, Papa vile, kwamba jina likifungwa halipotei; linalopotea ni lile linalosemwa tu kwa mdomo. Nikaona ana haki. Nikayatoa, yeye akayaandika, na mbele yangu akayafunga.

Swali la pili, alifanya nini. Hapo sikuhitaji kufikiri.

Swali la tatu, ulijuaje: uliona mwenyewe, au uliambiwa, na nani. Alieleza kwamba bila jibu la tatu kisanduku kinabaki rangi ya njano, maana yake wasomaji wasikitegemee. Likijazwa vizuri, kinageuka kijani. Mimi nilitaka kijani tu. PDG, nilimsikia kwa masikio haya. Kijani. Mnunuzi, nilikuwa mbele yake akipima mawe. Kijani. Polisi, nilimwona anapokea, tena akahesabu. Kijani. Karani, karatasi yake niliishika mkononi, muhuri haujakauka. Kijani. Mvuta kamba. Nilisema: niliona mwenyewe.

Mwanafunzi hakuandika. Aliuliza: "Papa, apa weye uko wapi?"

Niliweka kidole changu chini ya picha, kwenye sura yangu.

"Na yeye?"

Niliweka kidole juu, kwenye patalo nyekundu.

Hakunipinga. Alipanua tu tablo kwa vidole vyake mpaka sura yangu ikajaa kioo kizima, udongo pande zote, hakuna mbingu, hakuna mtu mwingine. Kisha akauliza, polepole, kama mtu anayeogopa kuvunja sahani: "Kutoka apa, ulikuwa unaona nini?"

Nikafungua mdomo kujibu. Kutoka chini ya shimo lile mtu huona duara moja la mwanga, kama sahani, na wakati udongo unaanguka hata hiyo huioni. Niliona nini? Nilihisi kamba. Niliivuta ili nipande, ikanifuata, ikanishukia yote kichwani, nzito, yenye matope. Hiyo najua. Lakini mtu anayekimbia, mgongo, miguu, hiyo niliiona wapi? Niliiona ukutani kwangu. Kila siku, wakati wa kula, wakati wa kusali. Fundi alikuwa amekipasua kilima, na mimi nikajisahau nikafikiri siku ile nilikuwa nje pamoja na wanaotazama.

Bibi yangu alikuwa amesimama karibu na mlango. Sikumwuliza kitu. Alisema: "Ni PDG njo alikuambia. Ku opitali. Nilikuwa apo. Alileta mukate na sukari, akaikala ku kitanda, akasema: mwenzako alitupa kamba akakimbia."

Alisema hivyo tu, akarudi kwa samaki zake.

Nilikasirika. Sitaficha. Nilimwambia mwanafunzi kwamba yeye alikuwa hajazaliwa, kwamba inivasite inafundisha watoto kuhesabu nywele za wafu, kwamba kama mashine yake inapenda waongo aende Golf. Alikusanya taa zake. Mlangoni alisema visanduku vinne ni kijani na kimoja ni njano, na mimi ndiye mwenye tablo, naweza kukiacha hivyo au kukifuta. Aliniandikia katika telefone yangu namna ya kufungua.

Siku tatu nilifungua telefone ile kila saa. Vinne kijani, kimoja njano. Nilikuwa nikitazama kile cha njano tu. Na kila nikitazama, kitu kingine kilikuja: niliyoyafanya kwa maneno yale. Maana mimi sikuyaweka ukutani peke yake. Mara tu nilipoweza kusimama kwa magongo, nilikwenda katika kuondoa matanga ya wenzangu watatu, nikasema mbele ya mama zao: mvuta kamba aliwaacha. Nilisema bombani. Nilisema kanisani, wakati wa ushuhuda, pasta akasema amina. Tangu siku hizo hakuna mtu wa Naviundu aliyemwita mvuta kamba kwa kazi yoyote, hata kuteka maji kisimani. Watu walisema, nani atashika kamba upande wa pili na yule. Ndugu za bibi yake walikuja wakamchukua dada yao na watoto. Akahama mtaa. Mimi nilipopata habari nilisema: vizuri.

Siku ya nne nilimpigia mwanafunzi. Nilimwambia kisanduku kile kisifutwe, atafutwe mvuta kamba mwenyewe. Nikasikia katika sauti yake furaha anayoizuia. Alisema katika kazi yao hicho ndicho kitu wanachokiomba na hawakipati: tablo moja, watu wawili waliokuwa pale.

Na mimi, sijui kama mtaelewa, nilikuwa na woga na bado nilikuwa na haraka. Kama mtu anayekwenda kuchimbua upya mahali alipozikwa, lakini safari hii kuna mwanga.

Tulimkuta mvuta kamba katika mtaa wa Hewa Bora, mbele ya depo moja, anashona midomo ya mifuko ya makaa kwa sindano kubwa. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote. Aliniona kabla sijamwona. Hakusimama.

"Ona muntu ya tablo," alisema. "Umekuya kunichora tena? Apa ku Hewa Bora bantu habayanichukia bado. Ungengoja."

Nilikuwa nimetayarisha maneno njiani. Yote yalipotea. Mwanafunzi alimsalimia, Papa, akajitambulisha, akaeleza kazi yao, maswali matatu, rangi mbili. Mvuta kamba aliendelea kushona. Alisema tablo ile anaijua, hakuna haja ya kumwonyesha. Mtoto wake wa kwanza alikuwa akicheza na watoto wa jirani zangu, wakamwingiza salo yangu siku ambayo sikuwepo. "Mutoto yangu alionaka baba yake anakimbia mu ukuta ya bantu," alisema. "Akarudia nyumbani akaniuliza nilikuwa nakimbia nini."

Nilisema: "Nilisemaka bintu sikuonaka."

Ndipo alipoacha sindano. Kisha akanyoosha mkono kwa mwanafunzi, akapewa tableti. Vidole vyake vilikuwa vigumu kama vyangu; kioo kilimkatalia, nikamwambia aloweshe kidole ulimini. Alifanya hivyo. Akapanua picha, akajitafuta, akajipata. Na kitu cha kwanza alichosema kilinishangaza.

"Patalo nyekundu nilipata wapi miye?"

Alicheka, na mimi nikacheka.

Kisha akaeleza. Mwanafunzi aliomba ruhusa ya kushika sauti yake, akaitikia kwa kichwa. Alisema siku ile, kwa ajili ya mvua, mikono ilikuwa inateleza, akaizungusha kamba kiunoni mwake akaifunga, ili hata akichoka isiende. Udongo wa ukingo ulipoanza kupasuka, alijilaza chini, visigino vyote viwili ardhini, anasikia uzito wetu katika mbavu zake. Alikuwa anateleza kuelekea shimoni. PDG alikuja nyuma yake. Alifikiri anakuja kumshika.

"Alikata," alisema. "Na mupanga. Kamba ilienda, na miye nikabakia."

Sindano ilikuwa bado imeshikwa katika mfuko.

"Juu ya nini hukusemaka?" nilimuuliza. Na nilijisikia ninavyouliza, kama polisi.

"Ningesema nini? Kama hakukata, niko chini na benzako. Niko muzima juu ya mupanga yake. Aliniambia siku ile ile: ukisema nilikata, nitasema ulitupa. Kisha akaenda akakuambia, bila kungoja niseme." Akapangusa uso kwa mkono wenye makaa. "Nilikuwa nafikiri siku moja utakuya kuniuliza. Kila siku ulikuwa unashuka na kamba yangu. Nilingoja sana. Kisha nikaacha."

Kaburini kwangu nitakwenda na neno hilo. Wale watano wa tablo, wanne kati yao walinifanyia ubaya mimi. Wa tano nilimfanyia mimi, na aliyenipa jembe alikuwa wa kwanza, pamoja na mkate na sukari.

Lakini sitawadanganya kwamba pale nilikuwa na huzuni tu. Damu ilinipanda kichwani kwa furaha kali, ile ya mchimbaji anapogonga na kusikia jiwe linajibu. Nilimwambia mwanafunzi afungue tablo upesi. Nilichora kisanduku kipya juu ya mkono wa PDG, ule ambao fundi aliuchora mtupu. Alifanya nini: alikata kamba. Ulijuaje. Nilisema: andika niliona. Mwanafunzi alitikisa kichwa. Nikasema basi, andika nilihisi ikikatika. Aliniuliza kama ncha iliyonishukia ilikuwa imekatwa, au ilikuwa na fundo. Nilifumba macho pale mbele ya depo, watu wanapita na mizigo, nikajirudisha chini, nikaitafuta ile ncha katika matope kwa mikono yangu yote miwili. Sikuipata. Nakumbuka uzito wake. Ncha siikumbuki. Natamani ningelikumbuka, ningetoa mguu wa pili.

"Andika yangu," mvuta kamba alisema. "Nilionaka miye mwenyewe. Yake uandike kamba ilimuangukia. Ni ile njo anajua."

Ikaandikwa hivyo. Kisanduku cha mkono wa PDG kikawa kijani, kwa neno la mvuta kamba. Katika kile cha zamani, cha patalo nyekundu, tuliacha maneno yangu ya kwanza yaonekane, maana mwanafunzi alisema katika kazi yao hawafuti, wanaongeza. Chini yake ikaandikwa: aliyesema hivi aliambiwa na mkubwa wa shimo, yeye mwenyewe alikuwa chini. Na chini tena maneno ya mvuta kamba. Mwanafunzi alikuwa anaandika haraka. Alisema profesa wake akiliona hili atalifundisha katika madarasa, kwamba wanafunzi watajifunza hapo namna picha inavyoweza kumpa mtu macho ambayo hakuwa nayo. Alisema wataliona hata ng'ambo.

Nilimgeukia mvuta kamba, nikitegemea nione uso wake umefunguka kama wangu. Alikuwa amerudi kwenye sindano.

"Baprofesa ya ng'ambo habanijue," alisema. "Habakuninyima kazi. Habakuchukua bibi yangu. Ni Naviundu njo ilifanya. Weye ulisemaka kwa mudomo, mulango kwa mulango. Rudia kwa mudomo."

"Na tablo?" nilimuuliza. "Niitoshe ku ukuta, niishushe?"

"Acha ikae. Bakikuuliza, useme."

Hakunipa mkono. Alikata uzi kwa meno, akavuta mfuko mwingine.

Kesho yake asubuhi nilianza bombani. Pale kuna mama mmoja anayekaanga na kuuza mikate midogo. Zamani, wakati wa magongo yangu, alikuwa mtu wa kwanza pale bombani kusikia habari ile kutoka mdomoni mwangu, na maji yalipokwisha kufunguliwa siku ile mtaa mzima ulikuwa nayo. Nilimwambia: Mama, yule mvuta kamba, nilisema uongo juu yake. Nilisema bila kuona.

Aligeuza mikate katika mafuta. "Lakini tablo yako iko inasema ingine," alisema. "Tulionaka sisi wote."

Nikatoa telefone, nikaifungua, nikampa. Alipangusa mikono kwenye kitambaa chake, akaiweka ile picha karibu na uso, na sikuwa na haja ya kumfundisha. Alipanua mwenyewe kwa vidole viwili, akateremka mpaka chini, akanikuta mimi, akapanda juu, akagusa kisanduku cha patalo nyekundu. Alisoma kwa sauti, neno kwa neno, kama tulivyosoma shuleni, mpaka mwisho, maneno yangu, kisha ya chini yake, kisha ya mvuta kamba. Alifika penye mupanga akaanza tena mstari ule kutoka mwanzo. Mikate ilikuwa inaungua. Wanawake wawili waliokuwa wanangojea maji walisogea nyuma ya mabega yake.

Alinirudishia telefone. Aliitoa mikate iliyokuwa nyeusi, akainua sufuria motoni, akafunika unga kwa sahani. Nilifikiri ananifukuza.

"Miye nilimuambia mama ya ku kona," alisema. "Na bamama ya wimbo ku kanisa, na bibi ya pasta. Ngoja nivae viatu, tuanze na huyu wa ku kona, juu yeye njo aliendaka kuambia bandugu za bibi ya mvuta kamba."